Paka Larry na mawaziri wakuu wake sita

Kuna paka anaitwa Larry, anakaa namba 10 Downing Street pale London, nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza, alipelekwa Februari 2011 kwa kazi ya kukamata panya. Julai 2024 Keir Starmer anaingia na mabegi yake, huyo alikuwa waziri mkuu wa sita kukaa na Larry nyumba moja: Cameron, May, Johnson, Truss, Sunak, ndo yeye. Panya sijui wameisha au la, ila waheshimiwa wanaisha kweli.

Jamaa ninayekaa naye chumba hosteli, yeye anasoma siasa, anasema hiyo ndo demokrasia yenyewe, mtu akizingua anatoka na hakuna kifaru cha jeshi barabarani. Na hapo ana pointi aisee. Julai 2022 Boris Johnson alitaka kung'ang'ania, mawaziri, manaibu na wasaidizi wao zaidi ya 50 wakaachia ngazi ndani ya siku chache tu, akakosa hata wa kukaa nao mezani, akatoka mlangoni akatangaza anaondoka, imeisha hiyo. Paul Biya kule Kameruni kashika urais Novemba 1982, Uingereza yuko Thatcher, hesabu mwenyewe wamepita wangapi tangu hapo.

Lakini sasa njoo kwa Liz Truss, ndo mimi na jamaa tunapogombania mpaka chai inapoa. Huyu mama aliingizwa na wanachama 81,326 wa chama chake cha Conservative (mpinzani wake Sunak alipata 60,399), kwenye nchi ya watu kama milioni 67! Ijumaa ya Septemba 23, 2022 waziri wake wa fedha Kwasi Kwarteng akasoma bajeti ndogo, kodi inapunguzwa pauni bilioni 45 hivi na hela ya kuziba pengo ni kukopa, Jumatatu pauni ikaanguka mpaka karibu dola 1.03, Benki Kuu ikabidi iingie sokoni kununua hati fungani za serikali (karatasi za deni lake) maana mifuko ya pensheni ilikuwa inaelekea kubaya. Gazeti la Daily Star likaweka letusi (mboga ya majani ya saladi) mezani, wakaivisha wigi, wakairusha laivu waone kati yake na Truss nani atadumu zaidi. Letusi ikashinda. Mama alikaa siku 49, yaani wiki saba, kwetu hapo ndo kwanza tunaambiwa tujiandae na test one.

Sasa nauliza, aliyemuingiza ni nani na aliyemtoa ni nani? Kuingia, wanachama wachache, kutoka, soko la hati fungani pamoja na wabunge wake mwenyewe. Mpiga kura wa kawaida kote hayupo. Halafu Sunak, yule yule aliyeshindwa Septemba, Oktoba akaupata uwaziri mkuu bila kura hata moja ya mwanachama.

Jamaa anajibu kwamba Waingereza wanachagua mbunge, hawachagui waziri mkuu, ni kama kikundi cha assignment, mnaungana kwanza halafu wenyewe mnajua nani atapresent. Sawa, kisheria nakubali. Ila kubadilisha badilisha kuna gharama yake bwana, mwaka huo huo wa 2022 wizara ya elimu ya England ilipitia mawaziri watano kati ya Julai na Oktoba, mmoja wao Michelle Donelan hata siku mbili hazikutimia. Mimi boom langu (hela ya mkopo wa chuo) nimelisubiri muda mrefu kuliko uwaziri wake.

Ukinibana nichague nitachukua njia ya nyumba ya Larry kuliko ya Biya, tena mapema sana, kiongozi anayeondoka kwa aibu ni bora kuliko asiyeondoka. Ila mlango wa kutokea ukiwa mpana hivyo na wa kuingilia uwe mpana basi, wasipitie watu wa chama peke yao.

Nikamuuliza jamaa, kikundi kikibadilisha mtu wa kupresent dakika ya mwisho, maksi anakatwa nani? Kimya. Semesta iliyopita alibadilishwa yeye, na tukakatwa wote.