Matusi kwa Kisado

Mwalimu alifungwa sita bila. Sheria yetu ya kutoza tambo faini ilianzia hapo, na mtu asije akawadanganya kwamba ilianzia kwenye maadili.

Ligi yetu ya eFootball, gemu la mpira la kwenye simu, makao yake ni Mwanga, hapa Kigoma mjini, ingawa wachezaji wametapakaa Ujiji, Gungu hadi Kibirizi. Kila mtu anacheza na simu yake alipo, picha ya matokeo inatupwa kwenye kundi la WhatsApp, halafu kinaanza kile ambacho wengi wetu ndicho tulichojiungia: tambo. Aliyeshinda anarekodi sauti. Aliyeshindwa anasingizia mtandao. Tuna jamaa ambaye akifungwa ni bando limeganda, ila siku akifunga yeye utadhani mkongo wa taifa umepita uvunguni mwa kitanda chake.

Sauti iliyomuumiza Mwalimu ilitoka kwa kijana mmoja mvuvi wa Kibirizi. "Mwalimu," alisema, taratibu kabisa, "golini kwako ni stesheni ya Kigoma. Treni inaweza kuchelewa Tabora, ikachelewa tena Uvinza, lakini mwisho wa reli ni hapo hapo. Lazima ifike."

Kundi lilicheka usiku kucha. Bahati mbaya sauti ikavuja hadi kwa wanafunzi wake. Asubuhi Mwalimu anaingia darasani, dawati la nyuma likapiga honi.

Jumapili ile akaitisha kikao kwenye kibanda cha chipsi, akaja na daftari. Akatukumbusha fainali ya Kombe la Dunia ya 2006. Kila mtu anakikumbuka kichwa ambacho Zidane wa Ufaransa alimpiga nacho Materazzi wa Italia, akasema, lakini nani anakumbuka kwamba FIFA ilimfungia Zidane mechi 3 na Materazzi mechi 2? Materazzi hakumpiga mtu. Alifungua mdomo tu, akamtaja dada wa mwenzake. "Kwa hiyo mdomo nao unacheza rafu," akahitimisha, akakaa, akala chipsi yangu.

Fundi simu, ambaye anajua kila kitu kuhusu magemu ya Wazungu, akaleta lake. Mwaka 2016 kampuni ya Blizzard ya Marekani, wenye gemu la Overwatch, ilichoka na watu wanaoshinda kisha wanaandika kwamba mechi ilikuwa laini mno. Haikuwafungia. Iliifundisha programu ibadilishe maneno yao. Mtu anaandika kejeli yake, anabonyeza kutuma, wenzake wanasoma kwamba muda wake wa kulala umepita na anaomba wasimsemee kwa mama yake. Tulicheka sana. Ila sisi programu hatuna, tuna Mwalimu.

Mimi nilipinga, na bado napinga. Bondia Muhammad Ali alipokwenda Kinshasa mwaka 1974 alimchamba mpinzani wake Foreman wiki kadhaa kabla hawajagusana, na dunia haikudai irudishiwe nauli. Simba na Yanga wangekuwa wanapeana pole kila baada ya mechi, nani angenunua tiketi? Tambo ni tambo. Tusi la mzazi, au kumtishia mtu kwamba utamfuata kwake, hilo ni jambo lingine, na serikali ililiwekea Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Halihitaji kamati ya kwenye chipsi. Nikaongeza kwamba mtu aliyetoka kufungwa sita asiruhusiwe kutunga sheria mpaka akili itulie.

Aliyenishinda hoja ni dada mmoja anayeuza dagaa sokoni Mwanga. Ni mshambuliaji hatari, mimi mwenyewe sipendi kupangwa naye. "Kuitwa stesheni mimi sijali," alisema. "Ila mwanaume nimemfunga nne, halafu ananiambia nirudi jikoni. Hapo hajasema lolote kuhusu mpira. Huyo alipe."

Basi alipe nini? Pesa taslimu zilikataliwa na kikao kizima. Mweka hazina aliyenitangulia alihamia ghafla wilaya nyingine, na simu yenye salio la ligi ikahama naye. Ndipo mtu akasema dagaa. Haijulikani nani, sasa hivi kila mtu anakana. Tambo la kawaida, kopo moja. Kejeli za kazi, umbo au jikoni, nusu kisado. Mzazi au ndugu, kisado kizima. Mwisho wa msimu dagaa wauzwe, tununue zawadi ya bingwa. Mimi, kwa kuwa ni wakala wa miamala na nina tabia ya kuandika kila kitu, nikapewa ghala. Ghala lenyewe ni chumba changu cha kupanga.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Halafu Mei 15, 2024 ziwa likafungwa.

Kwa wageni: Ziwa Tanganyika tunachangia na Burundi, Kongo na Zambia, na mwaka ule uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, hadi Agosti 15, samaki wapumue na kuzaliana. Dagaa wakawa adimu, bei ikapaa, na adabu ikaingia kwenye kundi letu hata mitume wangeshangaa. Mtu anashinda tano bila, anaandika: "Hongera kaka kwa kushiriki." Mwingine alirekodi: "Pole sana ndugu yangu, Mungu akutie nguvu katika kipindi hiki kigumu." Kamati ilikaa jioni nzima kujadili kama hiyo pole ni tambo, maana sauti aliyoirekodia ilikuwa na kicheko kwa ndani. Tulishindwa. Ligi ikapooza, watu wakaanza kujitoa wakisema wanakwenda kulala mapema. Mwalimu pekee ndiye aliyefurahi. Na alikuwa anafungwa vile vile.

Ziwa likafunguliwa. Siku chache baadaye yule kijana wa Kibirizi akanigongea alfajiri akitokea majini, macho mekundu, ndoo begani. Wakati huo wengine walikuwa bado wananunua faini yao sokoni, tena kwa yule dada yetu, ambaye alikuwa akitukanwa jioni, asubuhi anamuuzia aliyemtukana, kwa faida. Kijana yeye dagaa anawavua mwenyewe.

"Mweka hazina," akasema, akitua ndoo mlangoni, "hii ni ya mwezi mzima. Ikiisha nishtue."

Tangu siku hiyo tunamwita Bando.

Bando alitambia watu kwa uhuru wa mtu aliyelipia. Mwalimu anafundisha historia, na wiki ile alikuwa amejifunga goli. Sauti ikaja: "Mwalimu, nikumbushe somo. Meli tunayoiita Liemba, mwaka 1916 nani aliizamisha? Si Wajerumani wenyewe wenye meli? Asante. Sasa niambie goli la pili la jana nani kalifunga." Mwalimu akadai nusu kisado kwa sababu imeguswa kazi yake. Nikakata kwenye ndoo. Bando akauliza salio.

Wengine wakaona kumbe inawezekana. Ndoo zikaja, viroba vikaja. Mpwa wangu anayesoma uchumi Dar es Salaam nilipomsimulia alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena kuniambia kuhusu chekechea za mji wa Haifa, Israel. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2000. Wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, shule zikaweka faini, na uchelewaji ukaongezeka, kwani sasa kuchelewa kulikuwa na bei na bei ilikuwa inalipika. Faini ilipofutwa, wakaendelea kuchelewa. Nikamwambia angalau hao walilipa pesa. Mimi nalala na dagaa.

Kila kiroba nilikiandika kwa kalamu ya wino mnene: jina la mkosaji, kosa, kiasi. Mahesabu safi. Mwanzoni mwa Oktoba nikaitwa Kasulu kwenye msiba wa upande wa mama, nikafunga chumba, nikaondoka. Kule simu ikaisha chaji na umeme ukakatika. Huku Kigoma mvua za kwanza zikashuka, na bati langu lina tundu mahali ambapo mama mwenye nyumba ameahidi kuziba tangu nihamie.

Dagaa mkavu ni chakula. Dagaa mkavu aliyelowa siku kadhaa ndani ya chumba kilichofungwa ni kesi.

Nilirudi jioni, nikakuta kiatu huku, kanga kule, akina mama wamekaa mkekani, paka wa mtaa mzima wamejipanga kibarazani. Kwa nyuma niliona vijana wa ligi, Mwalimu akiwemo, nyuso zimeinama. Nikamwuliza mtoto mmoja nani amefariki. Akaniangalia, akakimbia.

Mama mwenye nyumba alipiga ukelele, halafu akanishika mkono kuhakikisha. "Mwanangu, u mzima? Harufu ile, simu haipatikani, tukajua umekwisha!" Kisha akakumbuka mlango umevunjwa na mlango ni wake, huruma ikaisha.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amesimama ndani, kitambaa puani, kiroba mkononi. Siutaji mtaa. Alikuwa anataka kugombea tena, uchaguzi wa serikali za mitaa ulishapangwa Novemba 27, kwa hiyo alikuwa anahudhuria kila msiba, na huu ulikuwa umemharibikia.

"Kijana," akasema, "hukufa, tunashukuru. Sasa tueleze. Humu kuna viroba vina majina ya watu. Hiki kina jina la mwalimu wa watoto wetu." Minong'ono ikaanza nje, na niliyoisikia sikuipenda.

"Mzee, hayo ni matusi."

"Matusi?"

"Hicho ulichoshika ni tambo za kawaida. Hiyo ndoo kubwa ni kejeli. Kile kisado pale kona ni cha mama wa mtu."

Sikusaidika. Nikaomba chaja, tukasubiri simu iwake mbele ya umati, nikafungua sauti ya treni. Mwenyekiti aliisikiliza kichwa kimeinama. Ilipofika "lazima ifike" akatoa kitambaa puani akajifutia machozi. Umati ukacheka, hata mama mwenye nyumba. "Waacheni vijana watambe!" mwenyekiti akatangaza, sauti ya jukwaani. "Mtu anatozwaje faini kwa kuchekesha watu?"

WhatsApp ikimaliza sauti moja inaunganisha ya pili yenyewe. Kabla sijaiwahi, Bando akaendelea: "Na wewe fundi simu, unaahidi magoli kama mwenyekiti wa mtaa anavyoahidi taa za barabarani. Kila msimu tunaona nguzo."

Walicheka kuliko kwenye treni. Mtu nje akarudia "tunaona nguzo" kwa walio mbali.

Mwenyekiti hakucheka. Alisubiri watulie.

"Huyu alilipa ngapi?"

"Kopo moja, mzee."

"Kopo?"

"Iko kwenye tambo za kawaida."

"Anaguswa kiongozi, tena kipindi hiki, halafu kopo?"

Kutoka nyuma ya wafiwa Mwalimu akanyoosha kidole. "Mheshimiwa, mimi nilipendekeza kisado tangu mwanzo."

Akaitwa mbele, akapewa kiti.