Fulana ya "Niulize Mimi"

Jamani chekeni taratibu maana hili jambo bado linaniuma. Mimi niko chuo mwaka wa tatu, ripoti ya fildi haijaisha, nina asainimenti mbili za grupu ambalo wenzangu wote hawapatikani hewani, na bado nikajipeleka mwenyewe kujitolea kupokea fasti yia, wale madogo wa mwaka wa kwanza. Hela hakuna, tulipewa fulana tu ya njano mgongoni imeandikwa NIULIZE MIMI.

Ila raha yake ipo bwana. Dogo anafika Jumapili macho mekundu anataka kurudi kwao, Ijumaa unamkuta koridoni na wenzake anacheka mpaka kusalimia anasahau. Basi roho kwatu.

Sasa Jumamosi dogo mmoja katokea Songea, kakaa kwenye basi siku nzima, Tunduru, Masasi, mpaka stendi ya Mkanaledi huku Mtwara mjini, ananiambia kaka begi langu jeusi kubwa nimelifunga utepe mwekundu. Konda anashusha mizigo anarusha tu, nikaona jeusi, utepe huo hapo, nikatupia begani mbio kwenye bajaji kabla haijachukuliwa, dogo nyuma kajitwisha godoro hata mbele haoni.

Tumefika geto Chuno tunafungua zipu, madera. Madera 12 ya sare, maua ya zambarau. Dogo akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, hapa chuo ndo tunavaa hivi?"

Tukageuza na bajaji ileile. Stendi watu wamejaa, katikati kuna mama kakaa juu ya begi la dogo, hatoki mtu, harusi ni usiku huohuo, na mwizi kila mtu anamjua maana njano ile nani hajaiona? Nikashuka mikono inatetemeka nikaanza na heshima, "Shikamoo mama."

"Marahaba ya kazi gani, madera yangu yako wapi!"

Bodaboda mmoja akanishika bega akanigeuza, akasoma mgongo kwa sauti stendi nzima isikie, "Niulize mimi. Haya, tunakuuliza!"

Nilijibu yote, hata ambayo sikuulizwa. Mama alihesabu dera moja moja, yakatimia, ndo akanyanyuka.

Kesho yake asubuhi simu inaita, dogo mwingine yuko Mkanaledi. Nilienda, ila fulana nikaivaa ndani nje.