Mita inaonyesha yuniti, mkaa hauonekani

Nyumba ninayopanga Tabata ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Umeme ukikata, lawama zilikuwa zinajua njia: chumba cha tatu, kwa dada fundi cherehani. Ana pasi, na pasi ikiwaka taa ya mita hupepesa haraka mpaka watoto wanaihesabu. "Dada, pasi yako inatumaliza." Naye, kwa kuchoka maneno, alikuwa anaongeza elfu mbili juu ya mchango wake kila tuliponunua umeme.

Mwezi wa tatu tukakubaliana tupime. Nikafunga kaunta buku kwa kamba pembeni ya mita, na kila mwenye zamu anaandika saa na yuniti zilizobaki. Usiku wa nne ndio ulioamua kesi. Saa tano usiku mita ilisoma 31.4. Saa kumi na mbili asubuhi ilisoma 29.9. Yuniti moja na nusu zimekwenda watu wamelala, cherehani imefunikwa kitambaa, pasi iko juu ya kabati. Vilivyokuwa vinafanya kazi ni friji mbili na taa ya uani. Tukaenda kuugusa mlango wa friji ya chumba cha tano: mpira umekakamaa, ubaridi unaokimbia unausikia kwenye vidole. Ukabadilishwa, na wiki iliyofuata usiku mzima ukawa unakula chini ya yuniti moja. Pasi nayo tuliipima, vingine vyote vimezimwa. Nusu saa ya kunyoosha haikufika nusu yuniti. Kwa bei tunayonunulia, hiyo ni chini ya shilingi 180, na dada wa watu alikuwa analipia elfu mbili.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mazungumzo juu ya vifaa vya kidijitali na matumizi ya nyumbani huwa yanavutwa na watu wa aina mbili. Kuna anayeamini programu ya simu itatupangia maisha, na kuna anayeuliza: pesa yenyewe haipo, unapanga nini? Kwa miaka mingi nilikuwa na huyu wa pili. Kaunta buku ile imenisogeza, ingawa haijanifikisha kwa yule wa kwanza.

Nguvu ya mita ni kwamba inahesabu kitu chenyewe, wakati ule ule kinapotumika, tena ukutani ambapo kila mtu anapita. Anayechemsha maji ya kuoga kwa koili anaweza kutoka nje na kuona kilichokwenda kabla maji hayajapoa. Bili ya mwisho wa mwezi haikuwa na uwezo huo. Ilikuja na jumla, na jumla haina sura ya mtu wala ya kifaa. Jina lenyewe la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, ni somo la bajeti lililowafikia watu ambao hawajawahi kufungua programu yoyote ya kupanga fedha.

Risiti nayo inafundisha, ukiisoma. Wengi tunakimbilia tarakimu 20 za kuingiza na kuufuta ujumbe. Ndani yake kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Ndiyo maana yuniti ambayo bei yake kwenye daraja la kawaida ni shilingi 292 inakufikia kwa shilingi 356 hivi, na elfu kumi inakupa yuniti 28. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo, kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi huleta yuniti pungufu, na kwenye nyumba za kupanga ugomvi wa tarehe mosi mara nyingi chanzo chake ni hicho. Kwetu ilichukua dakika tano kusoma ujumbe kwa sauti mbele ya wote, na shutuma kwamba aliyetumwa kununua "amekata ya soda" zikaisha.

Lakini mita haijui watu, inajijua yenyewe. Kuna daraja la matumizi madogo, D1, ambalo yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na makato. Mtu anazipata zote kwa shilingi 9,150. Nimegawanya matumizi ya nyumba yetu kwa vyumba, na kila chumba kinatumia kama yuniti 40. Kila mmoja wetu angekuwa na mita yake, angeingia humo kwa raha. Kwa sababu tuko sita kwenye mita moja, tunaonekana kama familia moja yenye matumizi makubwa, na tunanunua kwa bei ya daraja la juu. Hapa chombo kimepima sawasawa kabisa na bado kimetoa hukumu isiyo ya haki. Anayewahubiria wapangaji wa Tabata, Mbagala au Manzese kwamba wakijua matumizi yao watapunguza gharama, aanze na swali hili la mita.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi, nalo tulilisababisha wenyewe. Buku lilipoanza kusomwa, kila mtu alitaka jina zuri. Mama wa chumba cha kwanza ana presha kuka ya umeme aliyonunuliwa na mwanawe. Akaifungia kabatini na kurudi kwenye jiko la mkaa. Yuniti zikashuka, tukapongezana pale ukutani. Wiki mbili baadaye nikamkuta dukani ananunua mkaa wa kopo, mara ya pili siku hiyo. Nikamwomba tupike maharage Jumapili, nusu kilo kwa kila jiko. Jiko la mkaa lilikula mkaa wa shilingi 1,500. Presha kuka ilitumia yuniti 0.4, yaani shilingi 142. Mama alikaa kwenye kigoda akaniangalia, akasema, "Mwanangu, umeme naona unavyokwenda. Mkaa siuoni."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya tatizo hili. Nyumba hubana kile kinachoonekana na kuyahamishia matumizi kule yasikoonekana. Umeme una namba inayoteremka mbele ya macho yako, mkaa unanunuliwa kwa sarafu na kugeuka jivu. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Naamini sehemu ya kikwazo ni hofu hii hii, kwamba jiko lenye mita linatisha kuliko jiko lisilo na mita hata pale linapokuwa nafuu mara kumi. Kupima upande mmoja tu kunaweza kuifanya nyumba ichague vibaya kwa kujiamini.

Kwenye simu mambo ni yale yale. Nilivuta taarifa yangu ya miamala ya miezi mitatu nikitegemea nione maisha yangu. Nilichoona ni neno "kutoa" limejirudia kurasa nzima. Pesa ilipofika kwa wakala ikawa noti, na noti ikaenda kwenye daladala, nyanya za fungu, dumu za maji, mchango wa msiba. Hata iliyotumwa moja kwa moja haisemi kitu. Shilingi 30,000 kwa mangi wa dukani inaweza kuwa deni la mwezi mzima la mchele na sabuni au mkopo niliompa yeye. Kwa simu, yote mawili ni "kutuma pesa". Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, watu wengi walirudi kwenye pesa taslimu, na kumbukumbu zao zikatoboka hapo hapo. Rekodi inayotozwa, watu wanaikimbia, na hakuna programu nzuri kiasi cha kuwazuia.

Wanaotetea programu hizi wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Jirani yangu wa chumba cha pili ni mwalimu, mshahara unaingia benki, analipa karibu kila kitu kwa Lipa kwa Simu. Kwake taarifa ni kamili. Aligundua kwamba bando za saa 24 alizokuwa ananunua kila asubuhi zilizidi bei ya bando la mwezi, akaacha siku ile ile. Mwenye kipato cha tarehe moja, anayelipa kwa njia moja, programu inamfaa hasa. Kijana wa bodaboda wa chumba cha sita anapata leo elfu ishirini, kesho saba, keshokutwa pikipiki iko gereji. Programu inayomtaka ajaze "bajeti ya mwezi wa tano" inamuuliza kitu ambacho maisha yake hayana.

Kisha kuna swali la nani mwingine anasoma. Skrini inayokuonyesha salio ndiyo inayokuonyesha pia kiasi unachoweza kukopa. Kenya walianza Fuliza Januari 2019, na kwetu kuna Songesha: salio likipungua, muamala unakamilishwa kwa deni, na deni lina ada. Sikatai kwamba limeokoa watu usiku wa hospitali. Lakini kwa mtu anayejaribu kujua mfuko wake umefika wapi, chini ya mfuko pamehamishwa. Zamani salio la sifuri lilikuwa linakusimamisha. Sasa unapita hapo bila kuhisi, na mshahara ukiingia unakuta umeshapungua.

Na kuna wakopeshaji waliokuja kwa sura ya usaidizi. Programu inaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako ili "ikupangie matumizi", nayo inasoma mshahara, ada ya mtoto na namba za ndugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Hata hivyo, kausha damu wa simu, yule mkopeshaji wa riba kali, hahitaji kuvunja mlango kama umempa ufunguo kwa kubonyeza "kubali". Mimi ushauri wangu ni mkali hapa: programu ya bajeti inayotaka kusoma ujumbe wako wote, iache. Andika mwenyewe.

Wa karibu pia wanasoma. Ndani ya nyumba, kumbukumbu iliyo wazi hugeuka kesi. Shangazi yangu alilea watoto watano kwa pesa ya kibindoni, elfu moja moja aliyoibana kwenye hela ya mboga bila mume kujua, na mwaka ambao mume alikosa kazi ndiyo iliyolipa ada. Leo mume anayeweza kusema "nionyeshe miamala" angeimaliza akiba ile ndani ya mwezi wa kwanza. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba usiri umevunja ndoa nyingi na kuficha madeni mengi. Ni kweli. Bado nadhani uwazi unaotakiwa kwa mmoja tu ni upelelezi, na katika nyumba nyingi ninazozijua simu inayokaguliwa ni ya mke.

Kwa hiyo nikipima pande zote mbili, naegemea upande wa kupima, kwa masharti. Kihesabiwe kitu, yuniti na kilo na lita, kabla ya shilingi, kwa sababu shilingi hubadilika bei zikibadilika na kitu hakikudanganyi. Kihesabiwe pamoja na mbadala wake: umeme na mkaa kwenye ukurasa mmoja, bando na vocha kwenye ukurasa mmoja. Na kihesabiwe na wale wanaokitumia, wote, la sivyo buku linakuwa fimbo ya aliyelishika.

Kaunta buku letu sasa lina safu mbili zaidi. Moja ni ya mkaa, ambayo wiki yake ya kwanza ilionyesha shilingi 19,500 kwa vyumba vitatu, na presha kuka ikatoka kabatini jioni hiyo hiyo. Nyingine ni ya dumu za maji. Dada wa cherehani analipa mchango sawa na wengine. Kijana wa bodaboda amekataa kuandika mkaa wake. Anasema yeye hula njiani, na pesa yake ya siku ni shauri lake. Tumemwachia. Zamu yake ikifika anaandika yuniti, anafunga buku, anawasha pikipiki.