Kabla Hamjaamini Ile Video

Ndiyo, ni mimi. Yule mwenye gile (kizibao) ya njano anayeomba mikono juu mbele ya bibi harusi asiyemjua, ni mimi. Tangu Jumamosi jioni video imezunguka Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, na jana mama muuza sombe wa mtaani kwetu amenipa mafungu mawili kwa bei ya moja akisema, "Pasta, utuombee." Aliyeisambaza ni rafiki yangu, yule mkia wetu, anayeendesha wa mwisho kwenye msafara wetu wa pikipiki. Hakuwepo hata! Aliikuta kwenye stetasi ya mpiga video wa harusi, akaibeba, akaandika chini yake: "Kapiteni ameiba harusi." Uongo. Harusi ndiyo iliyonifuata mimi.

Chama chetu cha pikipiki mnakijua. Mnajua pia kwamba mwezi wa sita walinichagua kapiteni wa barabara, yule anayeongoza msafara, na kwamba tangu siku hiyo sikaliki. Nikienda sokoni na mke wangu namwambia aache sekunde 2 kati yetu, kama tuko msafarani. (Ameniambia ataacha miaka 2.)

Basi Jumamosi tulikuwa 7, safari ya Kipushi, kilomita kama 30, kitu cha kwenda na kurudi kabla ya michopo, nyama yetu ya kuchoma, kupoa. Tulikutana Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe, na hapo nikahutubia dakika 40. Sitanii. Nilikagua matairi, cheni, breki, taa, oili. Mmoja nilimrudisha kwa kwado, fundi wa matairi, akaongeze upepo wakati tairi lake halikuwa na shida yoyote, nilitaka tu wengine waone kwamba nakagua. Nikawapanga: mimi mbele upande wa kushoto wa njia yetu, wa pili kulia, sekunde 1 nyuma yangu, wa tatu kushoto tena, sekunde 2 nyuma yangu, hivyo hivyo hadi mwisho. Wageni wawili nikawaweka karibu nami, maana mgeni hawekwi nyuma ambako atalazimika kukimbiza. Mkia, mzoefu kuliko wote, mwisho kabisa.

Kisha ishara za mkono. Kidole kimoja juu: mstari mmoja. Mguu wa kulia nje: kuna shimo kulia. Mkono chini, kiganja kinatazama nyuma: tunasimama. Na sheria ya mwisho niliirudia mara tatu, mashahidi wako wengi kwa bahati mbaya: msafara ukikatika, hakuna kukimbiza. Simameni pembeni, mahali salama. Mimi nitaona kwenye kioo, nitarudi.

Mkia akauliza, "Na usipoona?"

Nikacheka. Kumbukeni hicho kicheko.

Tuliondoka vizuri. Mnajua mwezi wa nane hapa kwetu, vumbi jekundu limesimama hewani kama limeajiriwa. Kwenye njia panda ya kwanza kulikuwa na mama mmoja wa rulaji, polisi wa barabarani. Akanipitisha mimi, kisha akanyanyua mkono, akawakata wenzangu wote 6. Huko pembeni kulikuwa na msafara wa harusi unatoka kanisani, na nani atasimamisha harusi? Akawaachia wapite. Wakaingia barabarani nyuma yangu.

Mimi hayo yote nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nahangaika na lori, na nilipotazama kioo niliona taa. Nikazihesabu: 6. Safi. Sasa, kioo cha pikipiki yangu kinatetemeka kiasi kwamba kuku mmoja anaonekana kama ukoo. Nilipohesabu tena zilikuwa 9. Nikasema ni kioo. Baadaye zikawa 11 na mbili kati yake zilikuwa kubwa, zimekaa sambamba kama za gari. Nikasema ni kioo.

Kwa upande wao, walimwona mtu mwenye gile ya njano, taa zake za kugeukia zinawaka na kuzima pande zote mbili, amenyooka mgongo kama askari wa gwaride. Mjomba wa bwana harusi alikuwa amemlipa mtu wa kuwatangulia hadi ukumbini, na mtu huyo hakutokea. Wakaamini nimetokea.

Vigelegele vikaanza. Akina mama wa pembeni mwa barabara wanapiga vigelegele, watoto wanakimbia, honi nyuma zinalia. Na mimi, ndugu zangu, mimi moyoni nikasema: hatimaye watu wa mji huu wameelewa usalama barabarani. Nikawapungia.

Tukafika pahali barabara imebanwa na kifusi. Nikanyanyua kidole kimoja. Nyuma wote wakanyanyua kidole kimoja, wakapiga honi, mtu akapaza sauti, "Mungu ni mmoja!" Nikaona nidhamu hiyo, nikafurahi. Likaja shimo, nikatoa mguu wa kulia. Wakatoa miguu. Mmoja alitoa yote miwili, mwingine akasimama juu ya vikanyagio na kuanza kutingisha kiuno. Hapo nilikasirika kidogo. Nikasema huyu nitamsema mbele ya wote tukisimama.

Akanipita kijana amekaa kinyumenyume kwenye pikipiki, kamera begani, ananipiga video mimi. Nikadhani mkia ameniandalia kitu cha kunipongeza. Nikavuta tumbo ndani. Kwenye video inaonekana, dakika nzima nimelivuta tumbo.

Kilomita ya 11 hivi, penye kichuguu kikubwa na kivuli, nikashusha mkono kutoa ishara ya kusimama. Wakasimama. Nikashuka taratibu, nikapiga stendi, kaske (kofia ya pikipiki) bado kichwani kwa sababu nilitaka kuivua mbele yao polepole. Kabla sijageuka vizuri akanifikia mama mmoja wa kitenge, pumzi juu, honi bado zinalia.

"Baba! Sale!"

Alimaanisha *sale*, ukumbi wa sherehe, kama tunavyosema sisi. Ndani ya kaske mimi nikasikia "sali".

Na kwa kuwa sisi huwa tunasali kabla ya kuondoka, na siku ile hotuba yangu ilikula muda wa sala, nikaona ni haki. Kumbe tulisahau! Nani huyu mama mwema aliyetukumbusha? Nikavua kaske. Nikainua mikono yote miwili. Nikafumba macho.

Kosa la maisha yangu ni kufumba macho.

"Bwana," nikasema, na sauti nikaishusha iwe nzito, "tunakushukuru kwa kutufikisha kilomita 11 bila hata mmoja kuanguka."

"Amina!"

"Wale walio wapya katika safari hii, uwaweke karibu na kiongozi wao."

"Amina!" Hii ilikuwa na sauti za kike. Chama chetu hakina mwanamke hata mmoja. Akili yangu iliisikia hiyo sauti, ikaiweka pembeni, ikaendelea.

"Kila mmoja amtazame mwenzake. Asiwepo wa kumpita mwenzake kwenye kona."

Hapo vikapigwa vigelegele. Tena mtu akaanza kulia.

"Na siku breki zitakapokataa, Bwana, uwape nguvu ya kushuka gia."

Ile "Amina" iliyofuata ilikuwa ya watu 40. Nikafumbua jicho moja, la kushoto, kidogo tu. Nikaona viatu. Vyeupe, vya kisigino, vimezama kwenye vumbi jekundu. Nikapanda na jicho polepole kama mtu anayepanda ngazi asiyoijua: ncha ya gauni iliyokwisha kuwa ya rangi ya tofali, halafu gauni, halafu maua, halafu uso wa binti ameinamisha kichwa, macho yamefumbwa, midomo inatamka "kushuka gia." Kando yake bwana harusi ndiye aliyekuwa analia. Machozi ya kweli. Lile neno la kwenye kona lilikuwa limemgusa.

Nikafumba tena. Niliwaza, nikikaa hivi muda wa kutosha labda wataondoka.

"Aksanti sana, Pasta," akasema yule mama. "Sasa sale iko wapi?"

"Sale gani, mama?"

Honi zikanyamaza moja moja. Nilizisikia zikinyamaza.

"Haiko weye njo balituma utuongoze?"

"Hapana mama, mimi niko naenda Kipushi."

"Kipushi?" Akageuka akawatazama wengine, akarudi kwangu. "Kipushi, na bibi arusi yetu?"

Yaliyobaki hayana maana. Mjomba alisema maneno, dereva wa gari la maharusi akasema hata yeye alishangaa mbona mji unaisha. Tukageuza. Niliwarudisha mimi mwenyewe, mbele, sikutoa ishara hata moja njia nzima, hata penye mashimo. Ukumbini nilipewa fanta nikiwa nimesimama.

Wenzangu nao niliwakuta palepale njia panda baada ya saa 1 na nusu, pembeni, mahali salama, wanatafuna karanga, pikipiki zimepangwa kushoto, kulia, kushoto, kulia. "Ulisema tusikimbize," akasema mkia, na ndipo akaangalia simu yake, na ndipo nikamwona anaanza kutabasamu. Faini ya kapiteni anayeacha msafara ni soda kwa wote. Kifungu hicho nilikiandika mimi.

Leo asubuhi yule mama wa kitenge amenipigia, sijui namba amepewa na nani (najua ni nani). Ana binti mwingine wa kuoza mwezi wa kumi na moja. Ukumbi watatafuta mtu mwingine wa kuwaelekeza, amesema. Mimi anataka nije kwa ile sala, na nisipunguze hata neno.