Wanafunzi wafuatilie ahadi, si shamrashamra

Mwanafunzi aliye kidato cha pili leo hapa Mbeya atakuwa mpiga kura mwaka 2030. Darasani tunamkaririsha sifa za uchaguzi huru na wa haki, anajibu mtihani, yameisha. Kampeni zenyewe anazionea kwenye simu ya kaka yake: kipande cha sekunde chache, muziki, kofia na umati uliofurika uwanja wa Ruanda Nzovwe.

Mimi nasema apewe ahadi moja tu, aifuatilie mwanzo hadi mwisho. Kwa mfano barabara ya njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Mtoto gani wa Uyole, Mwanjelwa au Mbalizi hajakaa kwenye foleni yake? Asikilize redioni wagombea wanasemaje. Afungue ilani za vyama, atafute barabara hiyo, aone kama maneno ya jukwaani yameandikwa au yaliishia jukwaani. Kisha aingie tovuti ya Bunge, asome Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, za kipindi cha bajeti: waziri aliomba fedha kiasi gani, mbunge aliuliza nini. Na ziwe ilani za vyama zaidi ya kimoja. Mwalimu anayeleta ya chama kimoja hafundishi, anapiga kampeni.

Kwa video zinazosambazwa, huku Nyanda za Juu Kusini tuna kipimo cha bure: majira. Septemba na Oktoba, kampeni zikiwa zimepamba moto, kwetu ni vumbi na mahindi yameshavunwa. Ukitumiwa "mafuriko ya watu leo Mbeya", na nyuma ya msemaji mahindi mabichi yanamfika kiunoni, hiyo video huenda ni ya zamani au si ya huku. Nataka mwanafunzi azoee kuisimamisha video na kulitazama lile shamba kabla ya kuituma mbele.

Wa bweni hawana simu, najua. Simu moja ya mwalimu yenye bando na redio ya bwalo vinatosha, ilimradi kila kitu kiandikwe daftarini: nani kasema, wapi, tarehe gani. Siku ya kura, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini. Daftari halikuzimika.

Wakuu wa shule watupe kipindi kimoja kwa wiki, na wasingoje 2030. Bunge la bajeti huanza kila Aprili, na ahadi za 2025 tayari zina wa kuulizwa.