Rushwa yenye namba ya akaunti

Mwaka huo nlienda Maputo kusoma, Kireno changu chote nimekiokota kwenye video za Wabrazili na app moja ya bure, najiona fundi kabisa. Siku ya kujisajili nikapanga foleni, wenyewe wanaita bicha (hilo neno ukilipeleka Brazil ni kesi nyingine, tuliache). Kufika dirishani mama wa watu ananiangalia kwa upole, "Ainda não pagou a propina", yaani hujalipa propina bado.

Nikaganda. Kwa Kireno cha Brazil propina ni hongo, basi. Yaani mchana kweupe mbele ya watu na wala hashushi sauti?? Nikakumbuka mjomba alivyoniusia nisihonge mtu ugenini, kifua kikajaa, nikasema mpaka mlinzi akageuka: "Eu não pago propina!" Silipi!

Foleni nzima makofi. Jamaa wa nyuma ananipiga piga begani, dada mmoja kapiga kigelegele, nikajua leo nimekua shujaa. Mama akauliza taratibu, sasa utasomaje? Nikamwambia ntasoma kwa haki, mama.

Natoka nimevimba hivyo, ukutani naona bango, propina zilipwe kabla ya tarehe 10, benki fulani, akaunti namba kadhaa. Nikapiga picha nikarusha group la familia: "Wenzetu wametuacha mbali, huku rushwa ina deadline." Mjomba akajibu, hebu ulizia kama wanatoa risiti.

Wanatoa bana. Yule jamaa wa makofi ndo alinifungua macho, Msumbiji na Ureno propina ni ada ya chuo tu, wao walidhani nimegomea ada na kila mtu pale alikua anatamani kugoma ila hana ubavu. Kesho yake nilirudi dirishani nimevaa kofia.

Hasira zikanifanya nilifukunyue hilo neno. Kumbe ni la Kigiriki, propinein, kumnyanyulia mtu kikombe na kunywa kwa heshima yake, likapitia Kilatini likaja kua kahela ka kumpa mtu akanywe. Wahispania mpaka leo propina kwao ni tip ya mhudumu, Wareno wakaliingiza chuoni, Wabrazili wakalipeleka mfukoni. Sasa mimi niliyekulia kwenye "toa hela ya chai" ndo nimepitwa na hilo, aibu gani hii.

Toka hapo nikajiapiza sirukii maneno. Wiki kama tatu mbele nasimamishwa na askari usiku, kacheki pasipoti, iko sawa, lakini haniachii. Anasema kuna joto sana leo, hata refresco hamna? Refresco ni soda, hiyo naijua vizuri, nikavuka barabara mbio nikamletea ya baridiii.

Akaipokea, akaiangalia ile chupa, akaniangalia mimi, akaniuliza we unatokea nchi gani.