Treni Iitwayo Kaskazi

Kwetu Pwani kaskazi ni upepo wa majahazi. Ukianza kuvuma, mwishoni mwa mwaka, joto nalo linapanda, na zamani ndio uliowaleta wafanyabiashara wa Uarabuni. Wainnu, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, upepo wa kaskazini wanauita tshiuetin, na huo wao hauna habari ya joto. Jina hilohilo wamelipa shirika lao la reli, Tshiuetin. Tangu nilijue, kichwani mwangu naliita Kaskazi.

Treni yao inaondoka Sept-Îles, mji wa bandari mkoani Quebec, inapanda hadi Schefferville, safari ya kutwa nzima kupita misitu na maziwa. Schefferville haina barabara ya kuteremkia kusini. Kama hupandi ndege, unapanda treni.

Wala reli yenyewe haikujengwa kwa ajili yao. Kampuni ya madini ilitandaza reli miaka ya 1950 ili kuteremsha chuma bandarini, katikati ya ardhi ambayo Wainnu walikuwa wakiwinda. Mwaka 1982 kampuni ikatangaza kuufunga mgodi wa Schefferville. Bosi wake wakati huo alikuwa Brian Mulroney, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa waziri mkuu wa nchi. (Sisemi kitu.) Waliofuata ajira wakafungasha virago. Wainnu na jirani zao Wanaskapi wakabaki; wangehamia wapi?

Mwaka 2005 jamii tatu, mbili za Wainnu na moja ya Wanaskapi, zikaichukua sehemu ya kaskazini ya reli hiyo, kilomita 200 na ushei, kwa bei ya dola 1. Ndiyo reli ya kwanza Amerika Kaskazini kumilikiwa na wenyeji wa asili.

Dola hiyo moja husimuliwa kana kwamba ilikuwa zawadi. Mimi mtu akiniuzia nyumba kwa shilingi mia, kabla ya kushukuru nitapanda kwanza darini nikaangalie mabati. Walichonunua ni madaraja, mataruma yaliyochoka na tuta linaloganda miezi mingi kisha likalegea barafu ikiyeyuka, tena porini ambako fundi hawezi kufika kwa gari. Mwenye mali hakuwa na haja nayo tena. Wenye haja walikuwa abiria.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema shirika hili halijiendeshi kwa kuwa serikali ya Kanada hulichangia fedha. Barabara ya lami inajiendesha? Hakuna anayeiuliza faida yake ya mwaka. Inatengenezwa, watu wanapita. Hii reli ndiyo barabara yao, basi ihesabiwe hivyo. Na kuna jambo linalonichekesha: madini yalipoanza kuchimbwa tena jirani na Schefferville, shehena ilibidi ipite juu ya reli ya Wainnu. Sasa mwenye chuma ndiye anayelipia njia.

Anayedhani umiliki ni karatasi tu autazame mji wa Churchill, mkoani Manitoba, hukohuko Kanada. Mafuriko ya mwaka 2017 yalisomba tuta la reli sehemu nyingi. Mmiliki, kampuni ya Marekani, akasema gharama za ukarabati hazimudu. Mji ukakaa mwaka na zaidi bila treni, bidhaa zikiletwa kwa ndege, na bei za ndege tunazijua. Reli iliponunuliwa mwaka 2018 na kundi lililojumuisha jamii za kaskazini zenyewe, treni ilirudi kabla mwaka haujaisha. Fedha za serikali zilichangia, sikatai. Ila walioshika usukani safari hii walikuwemo watu ambao rafu za duka zikiwa tupu, ni duka lao.

Kinachonivutia zaidi kwenye Kaskazi, hata hivyo, si hesabu. Ni vituo, au tuseme kukosekana kwa vituo. Mtu anapanda na magunia ya chakula, madumu ya mafuta, bunduki na wajukuu, anamtajia kondakta namba ya maili iliyo karibu na kambi yake ya kuwinda. Ikifika, treni inasimama. Hakuna jukwaa, hakuna kibao cha stesheni, ni miti tu. Mizigo inashushwa mkono kwa mkono, abiria wengine wanachungulia dirishani kuona ni nani anashuka, na hakuna anayelalamika kwamba tunacheleweshwa, kwa sababu kesho kutwa itakuwa zamu yake.